Mkojo Mweupe wa Yutou

Siku ya kumi na tisa tangu mkwewe ajifungue, Pi-hsia alisimama kwenye roshani ya ghorofa ya nne akikwangua kitambaa kwa ukucha. Doa lilikuwa jeupe, limekauka, linakwaruza kama chokaa ya ukutani. Alilimiminia siki, akasugua, akasuuza, kisha akakianika kitambaa nyuma ya shuka za mtoto, mahali ambapo mtu akichungulia kutoka chumbani hakioni. Kilikuwa cha tatu wiki hiyo. Na hiki cha leo kilikuwa na kitu kingine pembeni ya lile doa, alama ndogo ya waridi ambayo siki haikuiondoa.

Pi-hsia alijua damu akiiona. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa akiitwa kwenye nyumba za watu hapa mjini Chiayi kulea wazazi katika mwezi wao wa uzazi: kuwapikia, kuwakanda, kuwaogeshea watoto, kuwagombeza waume zao. Hakupoteza mzazi hata mmoja, wala mtoto, na jambo hilo hakuchoka kulisema. Sasa alikuwa na miaka sitini na minne, mjukuu wake wa kwanza amelala chumba cha pili, mkwewe anaendelea vizuri, na kilichokuwa kinamtoa jasho asubuhi hii ya Januari, pamoja na baridi yote ile, ni mnyama wa kilo moja anayeenea kwenye ndala.

Mnyama mwenyewe aliitwa Yutou, maana yake gimbi, na kweli rangi yake ilikuwa ya gimbi lililomenywa. Alikuwa simbilisi wa miaka mitano na nusu, mzee kwa wenzake. Wan-ju, mke wa mwanawe, alikuwa naye tangu kabla hajamjua mume. Amehama naye nyumba tatu, amelia naye alipofiwa na baba, na siku ya kuletwa ukweni aliingia na sanduku moja la nguo mkono huu na kizimba mkono ule. Pi-hsia aliwaambia majirani kwamba mwanawe Tsung-han ameoa mke akaongezewa panya juu, na majirani walicheka mpaka Wan-ju akawasikia.

Wiki tatu kabla ya mtoto kuzaliwa, Daktari Liao wa kliniki ya wanyama alimpiga Yutou picha ya eksirei akakuta mchanga kwenye kibofu cha mkojo, na ndani ya mchanga huo kijiwe cha ukubwa wa ufuta. Kalsiamu, alisema. Hakutaka kumpasua mzee wa namna hiyo. Akaandika orodha ya chakula na kusema wataangalia tena baada ya wiki sita. Wan-ju, ambaye alikuwa mwalimu wa kemia na aliamini kitu kikishaandikwa, aliibandika orodha kwenye friji. Uchungu ulipomshika, akiwa mlangoni ameshika tumbo, alisema, "Mama, orodha."

"Niachie mimi," Pi-hsia alisema. "We kazae."

Tatizo ni kwamba Pi-hsia aliisoma ile orodha. Nyasi kavu za timothi wakati wote. Tango, saladi, kipande cha pilipili hoho. Maji wakati wote, mengi, na majani yapewe yakiwa bado yana maji ya kuoshea. Marufuku mchicha, marufuku matembele, marufuku giligilani, marufuku alfalfa. Alisoma mara mbili akaona huyu daktari kaiandika kichwa chini. Kila kilichoruhusiwa kilikuwa cha baridi, cha kuupoza mwili, na kila kilichokatazwa kilikuwa cha kujenga damu. Tango? Kwa mgonjwa? Januari? Kwenye nyumba hiyohiyo ambamo mzazi hatoki nje, hashiki maji baridi, hali kibichi, hanywi maji matupu mwezi mzima, na kila mtu anajua ni kwa nini?

Basi akafanya alivyozoea kufanya kwenye nyumba za watu. Alisema ndiyo, akafanya lake. Siku ya tatu aliiondoa ile chupa ya maji iliyoning'inia kizimbani, akaweka kisosi cha maji ya vuguvugu asubuhi na jioni, kidogo, kiasi cha kulowesha koo. Matango akawagawia majirani. Badala yake alimpa Yutou mchicha mwekundu, ule anaowapa wazazi waliopoteza damu nyingi, na matembele machanga, na konzi moja ya nyasi za alfalfa kutoka mfuko ambao duka la wanyama lilitoa bure zamani. Alimweka simbilisi dume kwenye mwezi wa uzazi, na wala hakuona kichekesho chochote ndani yake.

Kilichomponza zaidi ni mluzi. Siku ya pili ya mchicha, alipofungua tu mfuko jikoni, Yutou alipiga mluzi. Mnyama huyo alikuwa hapigi mluzi kwa mtu ila Wan-ju. Pi-hsia alisimama na mchicha mkononi, akahisi furaha ya kijinga ikimpanda mpaka masikioni. Watoto mia tatu na ushee aliwaogesha kwenye maisha yake, na hakuna hata mmoja anayemjua akikutana naye njiani. Huyu alimjua kwa nyayo. Tangu siku hiyo alimwongezea.

Sasa alikuwa roshanini, na damu kwenye kitambaa cha kizimbani, na kabla hajaamua la kufanya akaisikia sauti. Haikuwa mluzi. Ilikuwa mlio mwembamba, mrefu, uliokatika ghafla. Yutou alikuwa amejikunja kwenye kona ya kizimba, mgongo juu, manyoya yamesimama, akijikamua.

"Mama?" Wan-ju aliita kutoka chumbani. "Huyo ni Yutou?"

"Mlango huo," Pi-hsia alisema. "Unataka mafuta."

"Mlango haulii hivyo."

"Lala, mwanangu. Mtoto ataamka."

Mlio ukarudi. Nyayo zikasikika, na Wan-ju akatokea amevaa soksi mbili mbili na kofia ya sufu aliyovishwa na Pi-hsia, uso umemvimba kwa usingizi. Alipiga magoti mbele ya kizimba. Aliweka mkono chini ya tumbo la Yutou, na mnyama akalia tena mkononi mwake, tone moja likadondoka, nalo halikuwa jeupe wala la njano.

"Hii damu," Wan-ju alisema. "Imeanza lini?"

"Leo."

"Leo saa ngapi?"

"Sasa hivi, si unaona? Inuka sakafuni hapo, baridi itakuingia mgongoni, utakuja kunilaumu ukiwa na miaka hamsini."

"Mama, mpeleke kwa Daktari Liao. Sasa hivi. Mimi nitakuwa kwenye simu." Alikuwa ameanza kulia, na maziwa yalikuwa yanamlowesha gauni. "Ningekwenda mwenyewe ila najua utajilaza mlangoni."

"Nitajilaza kweli," Pi-hsia alisema, akachukua ufunguo wa skuta.

Aliendesha akiwa amekibana kisanduku cha Yutou katikati ya miguu, kimefunikwa na jaketi lake. Kwenye kila taa nyekundu aliinama kusikiliza kama anapumua. Kuna maneno alikuwa akiyapanga njiani. Kwamba mnyama ni mzee. Kwamba damu imeanza leo. Kwamba orodha yenyewe pengine ilikuwa na makosa, na hata madaktari hukosea. Alipofika kliniki maneno yalikuwa yamekaa sawa kabisa, kila moja mahali pake, na ndiyo maana aliyaogopa.

Daktari Liao alikuwa mwanamke mfupi, mwenye nywele zilizokatwa kama za mwanafunzi, na hakuwa na tabia ya kupamba maneno. Alimpiga Yutou picha, akairusha kwenye kioo, akasimamisha simu ya Pi-hsia kwenye kikombe cha kalamu ili Wan-ju aone.

"Shangazi, angalia hapa. Mwalimu, unaona? Huu weupe wote ni mchanga. Ulikuwa robo ya kibofu, sasa ni zaidi ya nusu. Na hili ndilo lile jiwe. Lilikuwa ufuta, sasa ni punje ya mchele."

"Kwa wiki tano tu?" Wan-ju aliuliza. Uso wake kwenye simu ulikuwa mdogo na mweupe.

"Hilo ndilo linanishangaza. Simbilisi si kama sisi. Sisi mwili unachukua kalsiamu unayoitaka, nyingine inapita. Huyu anaichukua yote iliyomo kwenye chakula, ya ziada anaitoa kwa mkojo. Chakula kikiwa na nyingi na maji yakiwa machache, mkojo unakuwa tope la chokaa. Dawa yake ni kupunguza kule na kuongeza huku. Kwa hiyo naomba mniambie, na msinipe jibu la kunifurahisha. Wiki tano hizi amekula nini?"

Pi-hsia alifungua mdomo.

"Orodha," Wan-ju alisema kabla yake. "Kila kitu kwa orodha, daktari. Mama mkwe wangu ndiye anayemlisha, na mama akishika kitu amekishika. Kila siku namsikia anaosha saladi."

Ile saladi ilikuwa ya Pi-hsia mwenyewe, ya chakula cha mchana. Hakusema hivyo. Alitazama mikono yake.

"Maji?"

"Yapo muda wote. Sivyo, Mama?"

"Yapo," Pi-hsia alisema. Na hilo halikuwa uongo kwa asilimia mia, kwa sababu kisosi kilikuwepo.

Daktari Liao alivua miwani akajisugua macho. "Basi hatuna njia nyingine. Kama chakula kimefuatwa na jiwe limekua namna hii, chakula kimeshindwa. Nikimwacha litashuka kwenye njia ya mkojo limzibe, na akiziba atakufa vibaya. Nimpasue leo mchana. Lakini sitawaficha. Kwa umri wake na uzito alionao leo, wengi wa namna hii nimewapoteza mezani. Ningekuwa na sababu yoyote ya kungoja, ningengoja."

Aliweka karatasi ya ridhaa mezani na kalamu juu yake. Yutou alikuwa ndani ya taulo, pua yake tu ndiyo iliyoonekana. Ilikuwa ikitikisika haraka haraka.

"Saini, Mama," Wan-ju alisema. Alikuwa analia waziwazi sasa, na nyuma yake mtoto naye akaanza. "Mimi sipo hapo, wewe upo. Nakuamini. Saini tu."

Pi-hsia alishika kalamu. Na mimi nasema hivi: kama yule binti angemtukana, angesaini. Angesaini, mnyama angekufa mezani, wote wangelia, na hakuna mtu duniani ambaye angejua. Yeye ndiye angeipika supu ya maombolezo. Angemkanda mkwewe mgongo, angesema alikuwa mzee, ameishi vizuri, na Wan-ju angemshukuru. Hilo la kushukuriwa ndilo lililomshinda. Alichora mstari wa kwanza wa jina lake na kalamu ikakataa kwenda mbele.

"Daktari," alisema. "Umesema ungekuwa na sababu ya kungoja."

"Nimesema."

"Hajala orodha."

Daktari Liao hakutikisika. Kwenye simu kilio cha Wan-ju kikakatika katikati.

"Nilimpa mchicha," Pi-hsia alisema. "Mwekundu. Kila siku. Na matembele, na alfalfa ya mfuko wa zamani, mpaka umekwisha. Maji nilimpa kisosi asubuhi na jioni, ya moto kidogo. Tango hajaliona tangu mtoto azaliwe. Na haya hayakuanza leo. Damu ndiyo ya leo, lakini chokaa kwenye kitambaa ina wiki. Nimekuwa nikiifua." Alisema yote kwa mkupuo, akiitazama ile karatasi, kwa sababu angetazama simu asingemaliza. "Nilidhani vya baridi vitammaliza. Nilidhani namjenga damu."

"Ulidhani," Wan-ju alisema.

"Mwanangu..."

"Nilikuuliza. Kila asubuhi nilikuuliza, Mama. Nikiwa kitandani, siruhusiwi hata kukanyaga sakafu kwa amri yako, nakuuliza Yutou kala? Unanijibu kala vizuri." Sauti yake haikupanda. Ilishuka, na Pi-hsia alitamani ipande. "Na mimi je?"

"Wewe nini?"

"Mimi umenipa nini? Nilikuomba supu ya uzazi isiwe na mvinyo, kwa sababu nanyonyesha. Ukasema sawa. Umetia?"

Daktari Liao aliinuka akaenda kuchunguza kitu kwenye kabati ambacho hakikuhitaji kuchunguzwa.

"Kidogo," Pi-hsia alisema. "Unachemka, unaisha wote. Bila huo supu haimpi mzazi joto, haina..."

Simu ikakatwa.

Alikaa akiitazama mpaka kioo kikawa cheusi. Daktari Liao alirudi, akaichana ile karatasi mara mbili.

"Shangazi, nisikilize sasa, utalia baadaye. Ulichosema kinabadilisha kila kitu. Chakula hakijashindwa, chakula hakijajaribiwa. Jiwe bado liko kibofuni na anakojoa, ingawa kwa maumivu. Nampa maji chini ya ngozi, dawa ya maumivu, na mtanipa wiki mbili. Orodha neno kwa neno. Umpe maji kwa bomba la sindano mdomoni kila saa tatu mchana kutwa. Mpime uzito kila asubuhi. Siku akipitisha saa sita bila kukojoa, usimuulize mtu, usimpe dawa ya kienyeji, nipigie."

"Nitaandika," Pi-hsia alisema.

"Andika na ukikosea."

Alipofika nyumbani, mkoba wa Wan-ju ulikuwa mlangoni. Wan-ju alikuwa jikoni, miguu mitupu, mikono imezama kwenye beseni la maji ya bomba, anaosha saladi. Pi-hsia aliona vidole vile vyekundu kwa baridi na kila mfupa wake ukapiga kelele. Kwa miaka ishirini na sita angemvuta mtu kwa nywele kwa kosa hilo. Safari hii aliweka tu kisanduku chini.

"Nimempigia kaka yangu aje na gari kutoka Pingtung," Wan-ju alisema bila kugeuka. "Niende kwa mama yangu na mtoto. Halafu nikampigia daktari. Anasema Yutou asisafirishwe, saa mbili garini zitamuua. Kwa hiyo nabaki wiki mbili. Ujue sibaki kwa ajili yako."

"Najua."

"Tsung-han nimemwambia. Anasema nikusamehe, wewe ni mama. Nimemwambia abaki hukohuko Hsinchu na kazi yake. Na chakula changu nitaletewa na kampuni. Wewe usinipikie."

Hilo lilimchoma kuliko mkoba. Siku iliyofuata, saa tano kamili, kijana wa kampuni ya vyakula vya wazazi alipanda ngazi na vikopo vyake vya plastiki, na mama jirani wa ghorofa ya tatu akafungua mlango kuhakikisha kama ameona sawasawa. Jioni mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba mkwe wa Pi-hsia, Pi-hsia huyu huyu, anakula uzazi wa kuletewa.

"Kwani unaumwa, dada?" jirani alimuuliza kwenye ngazi, macho yanang'aa.

"Siumwi," Pi-hsia alisema. "Nimefukuzwa kazi." Akapita na saladi yake.

Siku zikawa nzito. Ndani ya nyumba watu wawili walipishana kwenye korido kama wapangaji wasioelewana, na katikati yao mtoto na simbilisi. Pi-hsia alibandika karatasi mpya chini ya orodha, akaandika kwa herufi kubwa za mtu aliyeacha shule mapema. Saa moja, tango vipande viwili. Saa moja na nusu, maji, bomba tatu. Saa mbili, amekojoa, nyeupe. Saa nne, amekojoa, amelia. Gramu mia tisa na ishirini. Alipokwenda kujilaza mchana, Wan-ju alitoka chumbani kuisoma, halafu akanusa kisosi, akahesabu vipande vya tango vilivyobaki kwenye friji. Pi-hsia alimsikia akifanya hivyo na hakumlaumu.

Siku ya sita jani la matembele lilidondoka wakati anajipikia, na Yutou, aliyekuwa amefunguliwa anyooshe miguu, akalibeba mbio chini ya kabati. Kufika, limekwisha. Hakuna aliyeona. Pi-hsia alisimama mbele ya friji na kalamu kwa muda mrefu, akijiambia kwamba jani moja si kitu, kwamba binti amepata usingizi leo kwa mara ya kwanza, kwamba ataanza upya kugomba kwa jani moja. Kisha akaandika: saa saba, jani moja la matembele, limeanguka kwa uzembe wangu, amelila kabla sijamwahi. Jioni aliona Wan-ju ameyasoma maneno hayo. Lakini hakwenda kuhesabu matango.

Siku ya kumi na moja Yutou alikojoa saa moja asubuhi, kisha hakukojoa tena. Saa tatu, kitambaa kikavu. Saa tano, kikavu. Alikataa tango, akakataa hata maji ya bomba, yakamtiririka kidevuni. Alipanda na kushuka kwa kujikamua, na ule mlio mwembamba ukaanza. Zile saa sita za daktari hazikuwa zimetimia. Wan-ju na mtoto walikuwa wamelala. Pi-hsia hakusubiri hata dakika. Alisukuma mlango wa chumbani akasema, "Wan-ju, amka. Amefunga mkojo tangu saa moja. Nadhani jiwe limeshuka."

Walimpigia daktari, simu ikiwa kwenye spika. Aliwaambia wamweke kwenye beseni la maji ya vuguvugu, tumbo tu, dakika kumi, huku yeye anaandaa chumba, halafu wamlete mbio. Walipiga magoti bafuni, bega kwa bega kwa sababu bafu lilikuwa dogo. Wan-ju alimshika kifua. Pi-hsia aliweka kiganja chini ya tumbo, ndani ya maji, akihisi moyo ule ukipiga haraka kuliko mtu anavyoweza kuhesabu.

"Usimbane," Wan-ju alisema.

"Simbani. Nimemshikilia tu."

"Mama, anakufa."

"Sijui," Pi-hsia alisema. Hajawahi kumwambia mzazi neno hilo. "Sijui, mwanangu. Mshike."

Yutou alijikunja, akapiga ukelele uliomwamsha mtoto chumba cha pili, na wala hakuna aliyeinuka. Akapiga wa pili. Kisha Pi-hsia alihisi kitu kwenye kiganja, kigumu, kidogo, na nyuma yake uvuguvugu uliotoka na kutoka na kutoka. Maji yakawa na wingu jeupe, halafu uzi mwembamba wa damu, halafu njano ya kawaida kabisa. Alifunga ngumi akaitoa majini. Kijiwe kama punje ya mchele, kijivu, chenye miiba upande mmoja.

Wan-ju alikitazama akaanza kucheka na kulia pamoja, na paji la uso wake likaegemea bega la Pi-hsia, pengine kwa kuchoka tu. Pi-hsia hakuthubutu kutikisika. Mtoto alilia chumbani, analia kwa hasira, na wote wawili walimwacha alie kidogo.

Pi-hsia alimpeleka Yutou kwa skuta mchana uleule. Daktari Liao alirusha picha mpya kwenye kioo, akaitazama kwa karibu, akasema njia iko wazi, mchanga umepungua zaidi ya nusu, na orodha ni ya maisha yake yote yaliyobaki, hakuna kuizoea wala kuionea huruma. "Nani anayeandika ile karatasi?" aliuliza. Wan-ju alikuwa ameipiga picha na kumtumia daktari. Pi-hsia alisema ni yeye. Daktari alisema alipofika kwenye jani la matembele alicheka peke yake, halafu akaacha kucheka.

Aliporudi, mkoba haukuwa mlangoni. Hakujua kama umerudishwa chumbani au umeshatayarishwa kwa safari, na hakuuliza. Alimweka Yutou kizimbani, akamning'inizia chupa ya maji ikiwa imejaa mpaka juu, akaandika uzito. Wan-ju alitoka na mtoto begani. Vikopo vya kampuni vilikuwa mezani, havijafunguliwa, vimepoa.

"Nina njaa," Wan-ju alisema. Alikuwa anatazama vikopo, hamtazami yeye. "Nipikie supu ya kuku. Bila mvinyo."

"Bila mvinyo," Pi-hsia alisema.

Alimkata kuku, akakaanga tangawizi kwenye mafuta ya ufuta mpaka kingo zikajikunja, akatia maji matupu, akafunika, akasubiri. Wan-ju hakuja jikoni kumchunga. Alisikika sebuleni akimwimbia mtoto. Supu ilipoiva Pi-hsia alionja kwa kijiko. Ilikuwa imepooza, haina uhai, supu ambayo kwa maisha yake yote asingemwekea mtu mezani, na chupa ya mvinyo ilikuwa pale, karibu na mkono wake wa kulia. Alionja tena. Akaipakua kwenye bakuli, akaipeleka ilivyo.